Utepe Juu ya Kifuniko

Mama anasema jambo lililokwisha haliandikwi. Mimi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kaka zangu hawawezi kukisoma, wanakisikia tu Bibi akiwagombeza, na skuli hata mtu akiliokota daftari hili hatajua nimesema nini. Dada anayetusaidia kazi nyumbani, mtu wa Tanga, ndiye aliyenifundisha kukiandika. Kabla yake nilikuwa nasema "kiti yangu", Bibi akishika kichwa.

Nataka kuandika habari za roketi yetu na za Abla, kwa sababu wiki iliyopita nilikwenda kumwona Nizwa nikarudi na hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Abla ndivyo tunavyowaita walimu wetu wa kike. Huyu alikuwa mwalimu wa fizikia katika skuli yetu ya wasichana hapa Ibra, Omani. Bibi yake kazaliwa Pemba kama alivyozaliwa Bibi yangu, kwa hiyo tukiwa wawili alinisemesha Kiswahili, na mimi ambaye darasani siwezi kuinua mkono hata kuomba ruhusa ya kutoka, kwake nilikuwa nasema. Si sana. Lakini nasema.

Mwaka jana alianzisha kikundi cha roketi. Wasichana watano, siku mbili kwa wiki baada ya masomo, katika chumba kidogo nyuma ya maabara. Mudira, yaani mkuu wa skuli, alimkubalia kwa shingo upande. Alimwambia: "Muhula mmoja. Siku ya maonyesho watakuja watu wa idara ya elimu. Wakipendezwa, chumba chenu na kikundi chenu kitabaki. Wasipopendezwa, khalas, chumba nakitaka kuwekea viti." Sote tulijua hilo tangu siku ya kwanza. Wenzangu wanne walikuwa na marafiki wengine na mambo mengine. Mimi nilikuwa na kile chumba tu.

Abla hakuanza na roketi. Alianza na karatasi. Wiki tatu nzima hatukugusa hata chupa. Alitusomesha jinsi watu wa zamani walivyowapeleka binadamu wa mwanzo angani, na alichokipenda yeye si moto wala kelele, alipenda ofisi. Nani alitia saini. Nani alikuwa na haki ya kusema simama. Alituambia kwamba mkuu wa wahandisi wa Warusi jina lake lilifichwa kama siri ya dola mpaka siku aliyokufa. Watu walimshangilia aliyeruka, na aliyeijenga roketi akatazama kama mtu wa mtaani. Wenzangu walisema maskini. Mimi nilisema moyoni, huyo ndiye mimi, hiyo ndiyo kazi ninayoitaka.

Alitupa na kisa cha bahasha. Mtu wa mwanzo kabisa kuruka, madaktari waliogopa kuwa akili itamruka pia huko juu, basi wakakifunga chombo asiweze kukiendesha kwa mkono mpaka abonyeze nambari fulani, na nambari wakaitia katika bahasha humo humo ndani. Akipata shida aifungue. Akiweza kuisoma, basi bado ana akili. Kumbe kabla hajapanda, wakubwa zaidi ya mmoja walikwisha kumnong'oneza ile nambari sikioni, kila mmoja kwa siri yake.

"Sasa bahasha ya nini?" mmoja wetu akauliza.

"Ya serikali," Abla akasema, na tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Lakini kisa alichokirudia mara nyingi ni cha Waamerika watatu waliokufa chini. Hawakuruka hata kuruka. Lilikuwa jaribio tu, roketi haina mafuta, wamefungiwa ndani wanajaribu mitambo. Ndani ya chombo walijaza oksijeni tupu, na mlango ulifunguka kwa kuvutwa ndani. Cheche moja ikatokea. Moto ulipopanda, hewa ilitanuka ikaukandamiza mlango, na watu watatu wenye nguvu zao hawakuweza kuuvuta. Abla alisema kilichomuuma zaidi ni kuwa watu hao walikuwa na wasiwasi kabla. Walipiga picha wameinamisha vichwa na kukutanisha mikono mbele ya chombo kidogo cha mfano, kama watu wanaoomba dua, wakampelekea mkubwa wao. Mzaha, na si mzaha.

"Kwa nini walifanya mzaha?" Abla akatuuliza.

Wenzangu wakainamia karatasi zao. Mimi nilijua. Kwa sababu kusema wazi ni kugumu.

Baada ya hapo ndipo akatupa utaratibu wake. Kila kipande cha roketi yetu kitakuwa na kadi iliyofungwa kwa uzi: nani kakitengeneza, nani kakikagua. Hakuna kukagua kazi yako mwenyewe. Na siku ya kurusha, kabla ya kuvuta kamba ya kuiachia roketi, yeye atauliza kila kitengo kimoja kimoja, na kila kitengo kijibu "tayari" au "bado". Mmoja tu akisema bado, hatuvuti. Hata kama wanne wamesema tayari. Hata kama mwenye kusema hana sababu ya kueleza.

"Na inshallah je?" aliuliza mwenzetu aliyekuja kupewa kazi ya pampu. "Tukisema tayari bila ya inshallah si itakuwa dhambi?"

"Inshallah iseme moyoni, mwanangu, Mungu anasikia. Mdomoni nataka moja katika mawili. Mfunge ngamia kwanza, ndipo umtegemee Mungu."

Nilipomhadithia Bibi, akasema, "Huyo kweli mtu wa Pemba. Ndo maana hajaolewa."

Tuligawana vitengo. Maji, pampu, mwavuli, uwanja, na ukaguzi. Ukaguzi nikapewa mimi. Abla alinivuta kando akaniambia, "Kazi hii haitaki mdomo, inataka jicho. Wewe jicho unalo." Usiku ule sikulala kwa furaha. Leo nikilikumbuka neno lile najisikia kucheka vibaya.

Roketi yenyewe ilikuwa chupa kubwa ya soda, maji kidogo ndani, na hewa ya pampu ya baiskeli. Juu tuliweka chombo cha karatasi ngumu na ndani yake yai lililochorwa macho na masharubu, ndiye rubani. Bibi alilalamika kila wiki kuwa mayai ya nyumba yake yanaangukia jangwani badala ya kuingia sufuriani. Juu ya yai ulikunjwa mwavuli wa plastiki, na juu ya mwavuli kikakaa kifuniko, legelege, kama kofia kichwani. Roketi inapopanda, upepo unakikandamiza kifuniko kisitoke. Ikifika juu na kuanza kugeuka, kifuniko kinaanguka chenyewe, mwavuli unafunguka, yai linashuka kistaarabu. Siri yote ilikuwa katika ule ulegevu. Kikibana, hakuna mwavuli.

Katika majaribio nilisema "bado" mara mbili. Mara ya kwanza uzi wa mwavuli ulikuwa umejipinda. Mara ya pili sikujua kwa nini, nilihisi tu, na tulipofungua tukakuta kifuniko kimeloa na kimevimba. Wenzangu walinuna, jua la Ibra lilikuwa linatuchoma utosini, lakini Abla alinipigia makofi peke yake katikati ya uwanja. Kwa hiyo nisiseme kuwa sikuweza. Niliweza. Mbele ya watu wanne.

Siku ya maonyesho walikuja watu wengi. Turubai lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa, kahawa na halwa zikapangwa. Mgeni mkubwa wa idara alikuja na kilemba chake na bakora yake, na wenziwe watatu. Alikuwa na safari ya Sur baada ya sala ya adhuhuri, kwa hiyo mudira akaamua roketi itangulie kabla ya mashairi na kabla ya hotuba. Watoto wa darasa la tano waliletwa wakakaa safu ya mbele, karibu kuliko tulivyopanga. Yule wa uwanja akawasogeza nyuma, mwalimu wao akawarudisha mbele wapate kuonekana kwenye picha.

Mimi nilikwisha kukagua. Nilitia saini kadi zote. Roketi ilisimama kwenye kigingi chake, imetiwa maji, bado haijatiwa hewa.

Ndipo mudira akaja kutoka turubaini, mkononi ana utepe mpana wa rangi za bendera alioununua Jumatano soko la wanawake. Alikuwa na furaha. Nataka niliandike hilo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya siku ile.

"Mashallah, wanangu! Lakini mbona bibi harusi wenu kasimamishwa mbele ya wageni hana hata nguo?"

Wenzangu wakacheka. Mudira akainama, akauzungusha utepe juu ya kifuniko, akaupitisha chini ya chombo, akaurudisha juu, akafunga fundo, na juu ya fundo akatengeneza ua. Akaligonga ua kwa kidole kulinyoosha. "Haya. Sasa anatazamika."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kalamu mkononi. Niliona fundo. Nilijua wakati ule ule, si baadaye. Kofia imefungwa kidevuni. Nilimtazama yule wa mwavuli, naye alikuwa anajitengeneza shela kwa ajili ya picha. Nilimtafuta Abla, alikuwa upande wa pili wa uwanja karibu na wageni, nikajiambia, kutoka kule haoni.

Ningefungua mdomo ningesema nini? Mudira kaufunga kwa mkono wake, kwa ajili ya wageni, rangi za bendera. Mgeni ameshika kikombe cha kahawa. Mtoto aende akalifungue fundo la mkubwa mbele ya mgeni wake? Nyumbani kwetu mtu akikupa halwa na hutaki, unakula. Nilifundishwa hivyo na Bibi, na Mama, na kila mtu, tangu sijaota meno.

Pampu ikaanza. Abla akapaza sauti ili wageni wasikie utaratibu wetu.

"Maji?"

"Tayari!"

"Pampu?"

"Tayari!"

"Mwavuli?"

"Tayari!"

"Uwanja?"

Yule wa uwanja aliwatazama watoto wa safu ya mbele. "Tayari."

"Ukaguzi?"

Nilisikia mgeni akicheka kwa upole na kusema kwa Kiarabu, angalia wanavyopanga mambo yao, mashallah. Nikaitazama kalamu yangu.

"Ukaguzi," Abla akasema tena, polepole. "Nakuuliza wewe. Tayari au bado?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Na mudira akaniashiria kwa mkono, yallah binti, yallah.

"Tayari," nikasema.

Ilipanda vizuri kuliko siku zote. Wanawake walipiga vigelegele. Ilifika juu ikasimama kidogo, ule utepe ukimetameta, ikageuka, na kifuniko hakikutoka. Ikaja chini kichwa mbele, na kishindo chake sikukisikia vizuri kwa sababu mtoto alipiga ukelele. Ilimpiga msichana wa darasa la tano begani. Mfupa wa mtulinga ulipata ufa. Alifungwa mkono wiki nyingi, na mimi nilipanda basi moja naye kila asubuhi, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma, nikitazama kitambaa kilichofungwa shingoni mwake.

Katika zogo lile, watu wamemzunguka mtoto, mgeni anasema la hawla, mudira aliiokota roketi. Akaufungua utepe, akaukung'uta mchanga, akaukunja, akautia mkobani. Rangi za bendera haziachwi zikanyagwe, hilo najua, nami ningeuokota. Lakini utepe ulipoingia mkobani hakukuwa na utepe tena.

Kisha akamwambia Abla mbele ya walimu, "Sikukwambia mimi? Michezo ya wavulana hii."

Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini. Mwanamume na mwanamke kutoka idara, mudira nyuma ya meza yake anamimina kahawa, Abla kwenye kiti cha pembeni amekunja mikono. Kadi zetu zilikuwa mezani, na nyuzi zake. Yule mwanamke alikuwa mpole.

"Hii saini yako?"

"Naam."

"Ulipotia saini, kila kitu kilikuwa sawa?"

"Naam."

Ilikuwa kweli. Kila kipande kilikuwa na kadi, isipokuwa utepe. Utepe haukuwa kipande cha mtu. Nilingoja aniulize, na baadaye je? Hakuniuliza. Akaandika. Nilimtazama Abla, akatikisa kichwa kidogo sana, na mimi nikafahamu ananiambia nyamaza, ananilinda. Basi nikanyamaza, na nikampenda zaidi kwa hilo. Wakamuuliza, dhamana ilikuwa ya nani? Akasema, "Yangu."

Hawakumfukuza. Walimhamisha Nizwa, katika ofisi ya kupanga vyeti vya wanafunzi waliokwisha kumaliza. Chumba chetu kina viti. Nimevihesabu kupitia dirishani, halafu nikajichukia kwa kuvihesabu.

Miezi mitano nilibeba jambo hili. Nilikuwa nimeliona fundo, nimeulizwa mara mbili, nikasema tayari, na mtu pekee aliyewahi kunipigia makofi akapoteza kazi yake ya kufundisha. Niliacha kula vizuri. Bibi alinisomea dua, akanipulizia maji. Mama akasema ni mambo ya umri.

Wiki iliyopita tulikuwa na harusi Nizwa. Tulipofika Samail tukasimama kununua maji, nikamwomba Mama, harusi ikiisha, tupite kwa Abla. Mama akafurahi, maana mimi siombi kwenda kwa mtu. Abla anakaa nyumbani kwa kaka yake. Alitupokea vizuri, akaleta matunda na kahawa, na Mama alipoondoka kwenda kusali alasiri ndani, tukabaki wawili. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Ibra.

"Abla, nataka kukwambia kitu. Mimi ule utepe niliuona. Kabla. Nilijua hautafunguka."

"Najua, mwanangu."

"Unajua vipi?"

Alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kulimenya. "Kwa sababu na mimi niliuona. Nilimwona akiufunga."

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Kutoka kule?"

"Utepe mpana vile? Angeuona hata kipofu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningemwambia nini mudira, mbele ya mgeni wake? Fungua? Angesema nimemwaibisha, na kikundi kingekufa pale pale. Nikaona, utaratibu utauliza, si mimi. Wewe ukisema bado, hakuna aliyevunjiwa heshima. Watasema mtoto huyo, na kanuni ni kanuni, tutaangalia kifuniko, tutalegeza fundo kwa adabu." Akanipa kipande cha chungwa. "Ndiyo nikakuuliza mara mbili. Hujawahi kuniangusha wewe."

Hujawahi kuniangusha. Alisema kwa upole, kama ananisamehe.

Nililishika lile chungwa. Nikaanza kuwafikiria wote. Wa mwavuli bila shaka aliliona fundo, ndiye aliyekikunja mwavuli ule kwa mikono yake. Wa uwanja aliwaona watoto walipokaa. Sote tulikuwa tunamngoja mwenzetu aseme, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho katika foleni, mwenye mdomo mdogo kuliko wote. Na Abla alijua hivyo. Alinijua kuliko mtu yeyote skuli nzima. Alijua kwamba mbele ya watu siwezi kuomba hata maji, na bado akauweka ule mzigo kwangu, kwa sauti ya juu, mbele ya mgeni. Hakunilinda mimi pale ofisini. Alijilinda na swali lile lile ambalo mimi nililiogopa: na baadaye je, nani aliona?

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," nikasema. Nashangaa bado kuwa nilisema.

"Najua."

"Mkubwa ulikuwa wewe."

Aliacha kumenya. Hakunigombeza. Uso wake ulibadilika ukawa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina ambalo hakulizoea, akatazama mlango alioingia Mama. "Na mtoto yule hajambo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Bega limepona. Kwa nini humuulizi mama yake?"

Mama akarudi, shela ya sala bado kichwani, akaanza kusifu nyumba. Abla akanimiminia kahawa. Kikombe kilikaa mbele yangu. Mama akanikonyeza ninywe. Abla naye akasema, "Kunywa, itapoa." Sikukigusa. Tulipoinuka kuaga kilikuwa bado kimejaa, na sote watatu tulikiona.

Tulipopanda gari kurudi Ibra, Mama hakungoja hata mlango ufungwe vizuri.

"Umeniaibisha. Kahawa ya mwalimu wako! Una nini wewe?"

"Nimekasirika naye."

"Mwalimu hakasirikiwi."

"Mimi nimemkasirikia, Mama. Aliuona utepe. Na mimi niliuona. Na mudira ndiye aliyeufunga. Nataka kwenda kwa mama wa yule mtoto nikamwambie."

"Umwambie nini, miezi mitano imepita? Umtaje mudira, umtaje mwalimu, na wewe mwenyewe ujitaje? Watu watasema nini juu yetu?"

"Sijui watasema nini."

"Basi nyamaza."

"Bado sijamaliza," nikasema, na nikaendelea kumhadithia tangu mwanzo, naye akaugeuza uso dirishani. Tukaupita mji wa Izki. Kisha akaniuliza yule mtoto ni wa nyumba ipi.